Damu ya Kupandia Mlima

Ramani tuliitandika juu ya mifuko ya saruji, kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi ambalo familia ya rafiki yangu inaliendesha pale Nyamagana, kando ya ziwa, tangu enzi za babu yake. Mama yake alituletea chai ya tangawizi na onyo moja: atakayeimwaga kwenye saruji atainunua.

Safari hii tulianza kuipanga tulipomaliza chuo. Tungeanzia kwenye mashamba ya Wairaqw upande wa Karatu, tupande nyanda za juu za Ngorongoro mahali ambapo hakuna barabara wala mtandao wa simu, kisha tuteremke kwa Wamaasai, kwenye bonde la Natron. Mhadhiri wetu mmoja alikuwa na mazoea ya kusema kwamba milima ile inatenganisha wakulima na wafugaji kama ukuta. Nilimuuliza kama amewahi kuivuka. Hakuwahi. Nikamwambia mimi nitaivuka, na darasa zima likanicheka.

Rafiki yangu akampigia simu mzee mmoja wa Karatu anayeongoza wapanda milima, akaweka sauti ya nje. Mzee aliuliza habari za viatu, masweta na magoti yetu. Alisema kule juu maji ya chupa yanaganda alfajiri. Halafu akauliza jingine.

"Kwenu kuna ugonjwa wa seli mundu? Msikasirike. Watu wa ziwani nawauliza wote."

"Kwetu hakuna, mzee," rafiki yangu alijibu. "Kwetu kuna sukari tu."

"Na huyo mwenzako?"

"Nitauliza," nilisema.

Rafiki yangu, aliyenipachika jina la Profesa kwa kujifanya najua kila jambo, alinitazama. "Profesa, leo wewe ndiye wa kusema utauliza?"

Mzee hakucheka. Alisema mgonjwa mwenyewe hamwogopi, kwa sababu anajijua na hapandi. Anayemwogopa ni mtu aliyebeba nusu ya ugonjwa bila kujua, maana huko chini hana dalili yoyote. Aliwahi kupanda na kijana mmoja kutoka kandokando ya ziwa, mzima, mwenye kifua cha mvuvi. Hewa ilipokuwa nyepesi yule kijana akashika ubavu wa kushoto, hapo kwenye bandama, akashindwa kusimama. Walimbeba kwa zamu.

"Alipona?" niliuliza.

"Tulimfikisha chini."

Silo nililouliza, lakini sikurudia.

Dada yangu alikufa akiwa darasa la sita. Nakumbuka macho yake ya njano, na alivyokuwa akilia mifupa mvua zikianza. Majirani walisema amerogwa, na mimi, tangu sekondari, niliwacheka majirani. Nilisema ni seli mundu, kila mwenye akili anaona. Kumbe kuwacheka kulinitosha. Sikuwahi kupiga hatua inayofuata, ya kujiuliza habari zangu mwenyewe, ingawa hesabu yake tulifundishwa kidato cha nne: wazazi wote wawili wakiwa wamebeba, mtoto wao mzima ana nafasi mbili kati ya tatu za kuwa amebeba naye.

Jumamosi tulikwenda kufanya mazoezi kwenye vilima vya mawe vya Kiseke, kila mmoja na mkoba mzito mgongoni. Kabla ya kufika juu nilisikia kichomi ubavuni. Nilikaa juu ya jiwe, nikabonyeza upande wa kushoto, kisha wa kulia, nikashindwa kujua kinatoka wapi. Pengine ni kichomi kile kinachomshika mtoto yeyote akikimbia. Nilijiambia hivyo, na mkono ukabaki pale pale. Ziwa lilionekana wazi kutoka pale, na bado nilihisi hewa hainitoshi.

Siku iliyofuata nilikwenda nyumbani Usagara. Mama alikuwa uani akianika matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwakatwa, vya kutafuna safarini. Alikuwa anavikausha kwa ajili yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Hata mlima hujauona."

Nikamuuliza kuhusu ugonjwa wa dada. Aliendelea kupanga viazi, kimoja baada ya kingine, visigusane.

"Waliniambia hospitali," alisema. "Ugonjwa ulitoka kwangu na kwa baba yako, Mungu amrehemu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Unauliza kama Mungu yupo, unauliza kwa nini mahari, hilo hukuuliza."

"Nataka kupima, mama."

Hapo ndipo aliponyanyuka. "Mimi nimebakiwa na mtoto mzima mmoja. Usiende kuwapa watu nafasi ya kuniambia vingine."

Niliogopa jibu kama yeye, ila mlima niliuogopa zaidi bila jibu. Jumatatu nilitolewa damu. Siku za kusubiri nilikuwa najibonyeza ubavu ofisini, kwenye foleni ya benki, nikipiga mswaki.

Jibu lilikuja: nimebeba. Daktari alisema nitaishi vizuri tu, ila milima mirefu niachane nayo, na siku nikitaka kuoa, mwenzangu naye apime.

Nilimpigia mzee wa Karatu mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi mwenzako atapanda na mimi," alisema. "Wewe utazunguka kwa gari, utungoje ng'ambo kwa Wamaasai. Nina rafiki yangu kule, atakupokea. Tukichelewa usipande kututafuta. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Rafiki yangu alisema tuahirishe. Nilikataa, na tangu hapo sijui kama nilifanya vizuri. Usiku na mchana namwona mawazoni akishika ubavu ambao hauna tatizo lolote, mahali ambapo simu haishiki, nami niko bondeni nikitazama juu, kwa watu ambao hata salamu yao siijui vizuri.

Mama nilimweleza yote. Alifunga matobolwa kwenye mifuko miwili, wangu na wa rafiki yangu, akaongeza mengine kwenye wangu.

"Anayepanda ndiye anayehitaji mengi, mama."

"Anayepanda ana miguu ya kumshughulisha," alisema. "Wewe utakaa. Mimi nimekaa kando ya kitanda cha dada yako, najua. Tafuna, hata kama hayapiti."