Joto la Jiwe Letu

Kipupwe kwetu kilikuwa kinanuka michembe. Mvua zikishaaga, mama zetu wanakatakata viazi vitamu, wanavitandaza juu ya mawe vikauke, na ile harufu tamutamu inachanganyika na vumbi na mavi ya mbuzi. Asubuhi upepo unatoka ziwani, unakuchapa miguu mpaka inapauka kama umekanyaga majivu. Msicheke! Najua watu wa Njombe wakisikia Mwanza kuna baridi watashika mbavu, lakini baridi ya mtu asiye na blanketi haipimwi kwa kipimo cha Njombe. Blanketi letu sisi lilikuwa jiwe. Jiwe kubwa kuliko nyumba, na nyumba yenyewe baba aliijenga imeliegemea, kama ndama kwa mama yake. Lilikunywa jua mchana kutwa, jioni tunalilalia kwa matumbo, tunasukumana, kila mtu anataka pale penye joto.

Mwaka huo mama alimzaa mdogo wangu Masanja kabla ya miezi kutimia. Kadogo hako, ungekatia kwenye kibuyu! Kila jioni mama anamlaza juu ya jiwe kwenye ngozi ya mbuzi, akipata joto ananyonya. Akipoa tu, anaacha. Sasa ndipo ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Lisilobudi hutendwa. Tukapakiwa kwenye lori pamoja na kuku na vyungu, tukashushwa mbugani upande wa Magu, udongo mweusi, tambarare, hata kajiwe ka kusugulia kisigino hakuna. Mama alikuwa ameufunga mlango wetu kwa kamba ya katani, kinu chake kimebaki ndani. "Kipupwe kikiisha tutarudi," akasema. Kwenye kibanda cha mabua upepo ulikuwa unaingia bila hodi. Siku ya tatu Masanja akakataa titi. Mama hakulia, alikuwa anamtazama tu, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mimi nilikuwa sijamaliza kung'oa meno ya utoto. Mama alipokwenda kuchota maji alfajiri, nikamfunga Masanja mgongoni, nikashika njia ya nyumbani peke yangu, nafuata alama za lori, maana akili yangu iliniambia dawa yake ni jiwe. Nimefika wakati wa jua la utosini, ila jua lenyewe siku hiyo halikutoka, wingu tupu. Nikamlaza pale petu. Jiwe baridi kama chura! Nikaangua kilio.

"We Kabula! Nani kakutuma huku?" Alikuwa mzee mmoja wa mgambo, zamani jirani yetu, kakokota baiskeli.

"Shikamoo baba. Sijatumwa. Masanja amepoa."

"Marahaba. Na ulivyomfunga, kama mzigo wa kuni!" Akamgusa mtoto shavuni. Halafu akasema bila kuniangalia, "Mpeleke upande ule wa pili wa jiwe. Kule kuna moto."

Upande ule ndiko ilikokuwa nyumba yetu. Paa hakuna, kuta nyeusi, kinu cha mama bado kinafuka moshi. Sikumuuliza nani kachoma. Mikono yake ilikuwa na masizi mpaka kwenye viwiko. Lakini jiwe pale lilikuwa na joto, jamani, joto zuri! Masanja akalala hapo, baadaye akaanza kunyonya kidole changu. Yule mzee akaokota jiwe dogo kwenye majivu, akalifunga kwenye kitambaa, akampakata nalo, akaturudisha kwa baiskeli. "Mama yako usimwambie," akanong'ona.

Mama alimpokea mtoto, akampa titi, akashika. "Joto hili mmelitoa wapi?"

"Ni jua, mama."

Akaangalia juu kwenye lile wingu. Akaangalia kile kitambaa cheusi. Akakisogeza karibu na kifua cha mtoto.

Leo Masanja ni babu mwenye kitambi, analala kifua wazi. Hapa Mkuyuni, mjini Mwanza, wajukuu zangu wana mablanketi na masweta, na kipupwe wanakijua kwa kupasuka midomo tu. Michembe wananiuliza ni nini. Ila mama, kila mwaka baridi ikianza, mpaka alipozeeka, alisema, "Kipupwe kikiisha tutarudi," nami namjibu, "Ndiyo mama." Nilidhani namficha. Alipofariki nikafungua sanduku lake, nikakuta lile jiwe dogo kwenye kitambaa chake. Hakulifuta. Masizi ya nyumba yetu yote yapo.