Glavu ya Mzee Nzivo

Mimi sipendi skrabo. Niseme mapema, msije mkasema Mama Shiro ana roho mbaya. Mchezo gani huo wa kukaa kitako mkipanga herufi za Kiingereza juu ya ubao, na nje nguo za watu hazijashonwa? Lakini cherehani yangu iko mlangoni, jirani yangu ni Mzee Nzivo, na hizi nyumba za mtaa wetu wa Umoja ukuta ni mmoja. Nimeusikia mchezo huo hadi nikaota Z.

Mzee Nzivo alikuwa mchonga vinyago. Twiga wake walipanda ndege kwenda Ulaya, yeye mwenyewe hajapanda hata siku moja. Ubao wa skrabo alipewa na mteja, na herufi zilipoanza kupotea akachonga zake zote kwa mabaki ya mpingo. Zinakaa kwenye mfuko nilioushona mimi. Unaingiza mkono bila kuchungulia, unatoa ulichojaliwa. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto, akabaki na kiti, mkono wa kulia, na binti yake Muthoki.

Muthoki amesomea kazi ya maabara. Hospitali moja ya misheni huko Kitale ilimwita: aripoti Jumatatu, la sivyo nafasi apewe mwingine. Dada yake, Koki wa mtaa wa Shauri Moyo, alishakubali kuhamia kwa baba. Kilichobaki ni baraka. Jirani zangu ni Wakamba wa kanisa haswa, lakini kwao binti haendi mbali kabla baba hajamtemea mate kidogo viganjani na kumwombea. Ukienda bila hiyo, ukiugua ugenini au ukifukuzwa kazi, utajua sababu. Siwacheki, hata kwetu Kikuyuni tunayo. Radhi ni bora kuliko mali.

Naye mzee akasema, "Nishinde kwanza. Ukinishinda, nitakubariki uende."

Wee! Msichana akaoana na simu. Akawa anatafuta maneno ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U, yenye X, yenye Z, kisha anayakariri, maana simu haikubaliwi mezani. Akifua anayataja. Akisonga ugali anayataja: qat, zax, adze. Nikamuuliza hiyo adze ni mdudu gani.

"Ni tezo, Mama Shiro," akacheka. "Kama ile ya baba pale ukutani."

Basi alikuwa na kila neno la Z, na Z yenyewe haimfikii. Wala Q, wala X. Kila jioni herufi zote zenye pointi nyingi zinaangukia kwa mzee, na kila jioni binti anashindwa.

Jumamosi niliingia kupeleka suruali ya mzee niliyoikunja pindo, nikasimama kidogo kutazama. Mkono wa mzee ukaingia mfukoni, ukakaa. Vidole vilikuwa vinatembea mle ndani kama vya mama anayechagua mawe kwenye maharagwe. Ngai! Anazisoma! Si amezichonga mwenyewe?

"Mzee, unaiba!" Mdomo wangu hauna breki. "Unapapasa herufi!"

Muthoki alinishika mkono akanivuta hadi nje kwenye kamba za nguo.

"Najua, Mama Shiro. Nimejua kitambo."

"Na unanyamaza? Kesho kutwa si ni Jumatatu?"

"Nikimwita baba mwizi, atanitemea mate gani?"

Hapo ndipo nilipoona vile alivyobanwa. Akisema, baraka hakuna. Akinyamaza, hashindi. Nikamwonea uchungu.

Tuliporudi ndani, mzee alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mama Shiro," akasema, "nishonee glavu ya mkono huu. Nene. Kesho tutacheza mara ya mwisho, kwa haki."

Haki ya Mungu, niliishona nikiimba. Blanketi ndani, tabaka mbili za jinzi juu.

Jumapili baada ya kanisa mkoba wa Muthoki ulikuwa tayari nyuma ya mlango. Mzee akavaa glavu, akaingiza mkono mfukoni, akatoa herufi. Zikamponyoka zikaingia chini ya kochi. Muthoki akaziokota. Mzee akijaribu kupanga neno, anavuruga lililokuwepo. Nikamwambia avue akishachota. Akakataa, hataki kusemwa tena. Ule mkono ndio kitu cha pekee kiharusi kilichomwachia, na sasa nao ulikuwa gogo. Jasho lilimtoka usoni.

Mchezo ukafika mwisho, pointi zimekaribiana. Nilikuwa nyuma ya Muthoki nikachungulia herufi zake. A, D, E, na Z! Adze, ile tezo! Na pale ubaoni nafasi ilikuwa wazi kabisa. Weka, mtoto wa watu, weka uende zako!

Muthoki akamtazama baba yake. Mzee alikuwa anahangaika kuinua herufi moja mezani, anaisukuma, inateleza, huku anatabasamu kwa aibu. Muthoki akaweka kineno cha herufi mbili. Z akaifunika kwa kiganja.

"Umeshinda, baba."

"Kwa haki?"

"Kwa haki."

Mzee akalia. Aki alilia kwa furaha, akisema alidhani hawezi tena kitu. Mimi nilitoka nikabamiza mlango, maana ningebaki ningewagonganisha vichwa.

Usiku huo basi la Kitale liliondoka bila yeye. Jumatatu asubuhi alikuja kwenye cherehani yangu, macho yamevimba, ameshika glavu.

"Mama Shiro, ifumue. Asiivae tena."

"Kwa nini ulifanya vile? Mlango wa kwenda kazini si ulikuwa wazi?"

"Herufi zilikuwa zinamponyoka," akasema.

Ndani mzee alishaanza kuita, "Muthoki! Leta mfuko!" Nikachukua wembe nikaanza kufumua huku nikimgombeza msichana, na yeye akanishikia upande wa pili.