Scope au red dot: nilimchagulia tonton kioo cha bunduki nikiwa ukingoni mwa mto, yeye akaenda nacho msituni

Wakuu, salamu kwenu nyote, mliokula na mnaosubiri.

Ninayoandika hapa yametokea, na ningelipa nisiwe nayo ya kuandika. Sijaongeza chumvi. Mnanijua humu, mimi hata chumvi naipima.

Juzi kuna kijana ameuliza: bunduki yake ya kuwindia aifunge scope, ile inayokuza na kuleta vitu karibu, au red dot, ile yenye nukta nyekundu tu isiyokuza chochote. Amejibiwa kurasa sita. Nimezisoma zote, mara mbili. Watu wamebishana bei, uzito, battery, nchi ilikotengenezwa.

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: unawinda wapi, na jicho litakalokaa pale nyuma ni la nani?

Mimi ni mzaliwa wa Kisangani. Sasa hivi namalizia uzee Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu kimenyooshwa kidogo. Lakini watu wa kisa hiki nawaacha waongee walivyoongea.

Ilikuwa enzi za Zaire, mwishoni mwa miaka ya sabini. Kila mtu alikuwa citoyen, yaani raia, kasoro mbuzi. Nilikuwa nauza nyama ya msituni sokoni, ile iliyokaushwa kwa moshi. Na nilikuwa na bunduki moja, yenye kibali halali na mihuri mitatu.

Nieleze utaratibu wetu kwa wasioujua.

Kwetu mwenye bunduki haendi msituni. Anampa mwindaji bunduki na risasi za kuhesabu. Mwindaji anarudisha nyama, maganda ya risasi alizopiga, na risasi zilizobaki. Ganda lisilo na nyama analitolea maelezo. Kichwa, matumbo na mguu mmoja ni vyake. Kilichobaki ni cha mwenye bunduki.

Ni utaratibu mzuri sana, hasa ukiwa mwenye bunduki.

Mwindaji wangu alikuwa tonton Alimasi, yaani mjomba, mdogo wake mama yangu. Alikaa ng'ambo ya kushoto ya mto, kijijini kwenye reli ya kwenda Ubundu. Mtu mwembamba, mpole, haongei mpaka aulizwe. Miaka mingi alinirudishia ganda na nyama, ganda na nyama.

Kisha maganda yakaanza kuwa mengi kuliko nyama.

Nikahesabu. Nikarudia. Nikamwita.

"Tonton, risasi tano, nyama moja. Zile nne zilienda misa?"

"Ni macho, mutoto ya dada," akasema. "Nikiangalia ncha ya bunduki, nyama inapotea. Nikiangalia nyama, ncha inakuwa mbili. Sasa nichague gani?"

Waliovuka miaka hamsini wanajua anachosema. Na tonton hakuwa na kazi nyingine duniani. Shamba lake lilikuwa dogo kama leso. Bila bunduki alikuwa mzee tu, na hakuwa tayari kuwa mzee.

Basi nikaanza kutafuta kioo.

Mjini kulikuwa na Mzungu mmoja wa mambo ya mbao, tumwite Mesie Armand, alikuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Ndani ya sanduku alikuwa na vioo viwili vya bunduki. Kimoja scope, bomba refu, kinakuza mara nne. Kingine bomba fupi nene: ukichungulia unaona nukta nyekundu inaelea, na kila kitu kingine kikiwa kama kilivyo. Hicho kilitumia battery ndogo kama kifungo cha shati, na alikuwa na tatu za akiba.

Bei ileile, chochote utakachochukua. Kununua vyote viwili sikuweza.

Akatuazima vyote twende kuvijaribu. Jumamosi asubuhi tonton akavuka kwa pirogi, mtumbwi wa kuchonga, tukashuka ukingoni, nyuma ya ghala moja, ili wasimamizi wa salongo wasituone. Salongo ilikuwa kazi ya bure ya kila Jumamosi: unafagia mji kwa furaha, usipokuwa na furaha unalipa faini.

Nikaweka jicho kwenye scope, nikaelekeza ng'ambo, Lubunga.

Wakuu, niliona maajabu. Mama mmoja alikuwa anasugua masufuria majini, upande wa pili wa mto mzima! Nikahesabu: saba. Nikahesabu tena kwa sauti: saba. Nikahisi kama nimenunua mto.

Tonton akachukua ile fupi. Hakuangalia ng'ambo kabisa. Aliinua bunduki haraka, akaishusha. Akainua tena, mara hii kwa kuku aliyekuwa anapita nyuma yetu, akamfuata nayo huku macho yote mawili wazi. Akacheka. Sikumbuki kumuona akicheka mara nyingi.

"Hii," akasema. "Macho yote mbili iko wazi. Doti iko inakaa juu ya kuku, hata mimi nikitikisika."

"Tonton, hiyo inakuza mara ngapi?"

"Haikuzi."

"Basi ni mara moja. Mara moja unayo tayari usoni, Mungu alikupa bure."

"Ile ya Mungu imeanza kuzeeka," akajibu.

Nikacheka mimi. Lakini kichwani nilikuwa napiga hesabu. Nne kwa bei ya moja. Mtu gani mwenye akili anaacha nne?

Kisha battery. Tatu zikiisha, nitapata wapi nyingine Kisangani? Scope haili kitu.

Tulipovirudisha, Mesie Armand mwenyewe akasema, "Citoyen, kwa msituni chukua hii fupi."

Hapo ndipo nilipoamua kabisa. Sokoni nilikuwa nimejifunza kanuni moja: anachokusifia muuzaji ndicho kinachomuozea. Nikamwangalia, nikatabasamu kama mtu aliyemgundua mwizi, nikachukua ndefu. Na nikapunguziwa bei.

Tonton alisema neno moja tu. "Bon. Bunduki ni yako."

Lile neno nimelibeba mpaka Kigoma.

Miezi miwili ya kwanza niliringa. Karibu na kijiji chake kulikuwa na shamba la kahawa lililoachwa, mahali peupe, unaona mbali. Tonton alikaa pembeni na scope yake, mboloko wakitoka kula, anawachukua mmoja mmoja. Mboloko ni wale paa wadogo. Ganda na nyama, ganda na nyama. Nilimwambia kila mtu sokoni kwamba kioo changu kinalipa.

Halafu mboloko wa shamba lile wakaisha. Ikabidi aingie ndani ya msitu.

Akaja kunieleza. "Ndani kule, ile kioo iko inanionyesha majani. Majani makubwa, mazuri. Nyama haiko."

"Rudi nyuma kidogo, tonton," nikasema.

Watu waliokuwepo walicheka. Mimi pia. Yeye akapokea risasi zake tano, akazihesabu mbele yangu kama kawaida, akaenda kutafuta pirogi ya kuvuka.

Wakuu, msitu wa kwetu si wa kwenye picha. Hatua ishirini ni mbali. Hatua thelathini ni nchi nyingine. Mnyama hukumuona, ghafla yupo.

Siku ya tatu akakutana na nyati. Kule tunamwita pakasa, mfupi, mwekundu akiwa mdogo, mweusi akikua, na hasira hazilingani na kimo. Alikuwa na jirani yake, Masudi, mtu mzima, mbebaji wake. Masudi ndiye aliyenisimulia.

Tonton alimpiga pakasa risasi ya kwanza kwenye uwazi mdogo wa kijito. Ikampata, lakini nyuma sana. Mnyama akaingia kichakani. Na mwindaji wa kwetu hamwachi mnyama aliyejeruhiwa, kwa sababu kesho atapita mama anatafuta kuni. Akamfuata.

Pakasa alikuwa amegeuka anamsubiri.

"Alitoka pale," Masudi akanionyesha, kama kutoka hapa kwenye mlango. "Tonton aliinua bunduki vite, haraka kabisa. Lakini hakupiga. Alikuwa anatafuta ndani ya kioo. Bunduki iko inaenda huku, inaenda huku. Mimi nilikuwa namuona pakasa muzima muzima! Yeye ndiye hakumuona."

Mlioshika scope mtaelewa. Kwa karibu vile, kioo cha mara nne hakikuonyeshi nyati. Kinakuonyesha manyoya meusi, shimo jeusi tu, hujui kama ni bega au tumbo au mkia.

Alipiga ndani ya ule weusi. Pakasa alimpita juu.

Walimbeba kwa machela mpaka relini, wakasubiri treni siku nzima na nusu. Nilimkuta hospitali ya ng'ambo. Nyonga ilikuwa imevunjika, na daktari akaniambia huyu mguu utabaki kuwa wa kuonyesha tu.

Nikasimama kando ya kitanda. Nilikuwa nimepanga maneno kwenye pirogi, nikayapoteza yote.

Tonton akafumbua macho, akampa Masudi ishara. Masudi akatoa kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka juu ya shuka.

"Tano ulinipa," tonton akasema, sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Tatu hizi. Maganda mbili haya. Nyama haiko. Hesabu."

Wakuu, nilihesabu.

Sijui kwa nini. Mkono ulienda wenyewe. Tatu na mbili. Kisha nikarudia, kama kawaida yangu, mbele ya mtu aliyevunjika kwa ajili ya hesabu zangu. Nilipoinua uso, mkewe, mama Feza, alikuwa ananiangalia. Mpaka anakufa hakuwahi kulisema.

Bunduki niliiuza. Scope nikabaki nayo, hakuna aliyeitaka.

Na wiki chache baadaye nilikwenda kupiga picha ya kitambulisho, studio ya milango miwili kutoka kwenye meza yangu ya nyama. Kwenye kabati la kioo nikaona battery kama vifungo vya shati. Nikauliza. Ni za kamera, akasema mpiga picha, zinaingia hata kwenye vile vioo vya bunduki vya Wazungu. Bei ilikuwa kama ya mboloko nusu.

Mimi, ninayeuliza bei ya kila kitu, ile sikuwahi kuiuliza.

Tonton na mama Feza nikawahamishia kwangu, karibu na mto. Alikaa pale miaka tisa. Asubuhi anasogezwa nje na kiti chake. Siku moja akaomba ile scope. Nikampa, nikiogopa atakachosema.

Akaiweka jichoni, akaelekeza ng'ambo. Akakaa nayo muda mrefu.

"Mama yule iko anasugua masufuria," akasema. "Sita. Ile siku ulisema saba, eh? Moja ameuza."

Kisha, bila kejeli, nawaapia, bila kejeli yoyote:

"Kioo iko muzuri. Kwa hapa ulichagua muzuri."

Kila siku akawa ananipa hesabu ya ng'ambo. Pirogi ngapi, watu wangapi wanangoja kivuko. Nami nikawa nasikiliza.

Sasa kijana wa uzi ule, sikuambii scope ni mbaya. Kwenye uwazi ilinilisha miezi miwili. Nakuambia hivi: kijaribie kioo mahali kitakapofanyia kazi, si mahali kinapopendeza. Na kama atakayebeba ni mwingine, mpe mkononi, mwangalie anavyoinua, kisha nyamaza. Kumpa na kumwangalia nilifanya, kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Wenye uzoefu wa bunduki mnikosoe. Na mliowahi kumchagulia mtu kifaa ambacho ninyi wenyewe hamtakishika, karibuni mseme yaliyowakuta.

Nitasoma zote. Mara mbili.