Mgeni Rasmi Aliyejialika

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya wakimbizi hapa Durban aliona kwenye televisheni Walatino wa Marekani wakiwaenzi viongozi wao, watoto wa vibarua wa mashambani waliochaguliwa kuwa mameya na wabunge. "Na sisi tuko na viongozi," akatutangazia kanisani. "Lazima tuwaheshimu." Viongozi gani? Sisi hata kura hatukuwa nayo. Kumbe kiongozi ni yeye.

Jumamosi tukakusanyika kwenye ukumbi wa kukodi kule Umbilo, kina mama wamepika wali na kuku. Mwenyekiti akashika kipaza sauti, akajisifu kama mtu anayemsifu marehemu, kisha akatuamuru tusimame tumpigie makofi mgeni rasmi. Akatoka kwa mlango wa nyuma, azunguke aingie kwa mbele kama bwana harusi. Mlango ukajifunga nyuma yake. Na geti la mbele, bwana mkubwa alisahau, tulikuwa tumelitia kufuli kwa kuogopa wezi.

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Tukamsikia akitikisa geti. Hakuna aliyesogea. Halafu simu yangu ikaita: ni yeye.

Mwaka ule wageni kama sisi walipokuwa wakipigwa mitaani na wenyeji, mimi nimejifungia chooni na wanangu, nilimpigia mtu huyu mpaka vidole vikachoka. Alikuwa amezima simu.

Nikazima yangu. Nikamgeukia mama aliyesimama karibu na sufuria, nikamwambia, "Dada, pakua."