Hema Lililokandikwa

Juzi jirani yangu hapa Dodoma alirudisha turubai kutoka kwenye harusi ya ndugu yake. Lilikuwa limenyeshewa siku nzima, naye akaliacha limekunjwa kibarazani. Asubuhi alipolikunjua ili alianike, harufu ilipanda ukuta ikanifuata jikoni nikichemsha chai. Mnaijua harufu ya turubai lililovundia maji? Si nzuri, tusidanganyane. Watoto wangu walikimbilia chumbani wameshika pua. Mimi nilizima jiko, nikatoka nje, nikasimama kando ya ukuta nikiivuta kwa pumzi ndefu. Ilipungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni mavi ya ng'ombe. Yangekuwapo, ningelia palepale, na jirani angedhani nimefiwa.

Nimekulia Karatu, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa bati, nyuma kidogo ya barabara iendayo kreta. Baba yangu ni Mnyiramba. Babu alitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, akasahau njia ya kurudi. Baba hakuitaka kahawa. Alipata kazi ya kusimika mahema ya watalii, na alikuwa akipanda gari lililojaa magodoro na masufuria, anapotelea juu ukingoni mwa kreta, anarudi baadaye akinuka moshi na baridi. Mama ni Mmaasai wa Endulen. Walikutanaje, hiyo ni habari ndefu, na kila mmoja wao ana ya kwake.

Mama yake mama nilimwita Koko, kama wanavyoitwa bibi wote Umaasaini. Alikuja Karatu mara chache, kwa dawa ya macho au kwa mnada, na kila alipokuja alinitia uchungu. Hakuingia ndani kwetu. Alifika asubuhi, akakaa kwenye kigoda chake kando ya jiko la nje, akanywa chai yenye maziwa mengi, akanitemea mate kichwani kunibariki, na jua likianza kuinama alijifunga shuka vizuri akaondoka. Hata baba akiwa safarini, hakuvuka kizingiti. Siku nilipomuuliza kwa nini halali kwetu, alinyoosha kidole juu.

"Bati," alisema. "Mvua ikipiga bati, masikio yangu yanauma."

Niliamini. Nililichukia bati lile kuliko kitu chochote duniani, kwa sababu lilikuwa linaninyima hadithi. Wenzangu watoto wa mjomba, waliomsindikiza kutoka Endulen ambako mimi sikuwahi kulala, walijigamba kwamba Koko ndiye msimuliaji wa boma zima, kwamba sungura wake alikuwa na sauti yake, na fisi wake alichekesha mpaka ndama wanashtuka. Lakini Koko hakusimulia mchana. Hadithi ya mchana, alisema, inapoteza ng'ombe. Lazima mifugo iwe imerudi na giza limeingia. Sisi ng'ombe hatukuwa nao, lakini sheria ilikuwa sheria. Basi mimi nilikuwa na bibi msimuliaji ambaye sikuwahi kumsikia akisimulia, na nilichotaka ni usiku mmoja tu.

Wakati huo baba alirudi safari moja na hema kuukuu. Zipu ilikuwa imekufa, na kitambaa kilikuwa na viraka vya rangi tatu. Alilitupa kwenye pembe ya stoo akasema ni la kufunikia mahindi tutakapovuna. Mama alilitazama, akamtazama baba, akarudi jikoni.

Kisha ikaja habari kwamba Koko anateremka kwa daktari wa macho, na safari hii angetakiwa kuonekana siku mbili mfululizo. Angelala wapi? Kwa Mmaasai mmoja muuza ugoro, mama alisema, ng'ambo ya soko. Usiku ule sikula vizuri. Asubuhi niliburuta lile hema kutoka stoo mpaka uani, nikamwambia mama hema halina bati.

Nilitegemea anikatalie. Mama alisimama na ufagio wake, akalitazama hema, kisha akauegemeza ukutani.

Msinicheke, lakini nilijiona fundi. Mtoto wa msimika mahema, ninachoshindwa ni nini? Nilichagua mahali pazuri kabisa, pale uani penye udongo laini uliobonyea, ambapo pegi, vile vigingi vya kamba, zilizama kama kijiko kwenye uji. Tulizigonga kwa mchi. Tulipomaliza, tulikuwa na nguzo moja ya ziada ambayo hatukujua kazi yake, na hema lilikuwa limelala upande kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Mlango niliuelekeza barabarani ili Koko aone magari ya watalii. Mama alisema limependeza. Mama alikuwa mkarimu wa maneno.

Koko alipofika alisimama mbele ya hema mkono kiunoni, akiegemeza kichwa upande ili jicho lake moja lililobaki zima lione. Mama akamweleza kwa Kimaasai kwamba mjukuu wake amemjengea nyumba. Koko akalizunguka polepole. Nilimfuata nyuma.

"Ng'oa," alisema.

Ngoja niwaeleze jambo. Umaasaini nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayekata fito, anazifunga, anakandika kwa kinyesi cha ng'ombe, na mvua ikivuja anayesemwa ni yeye. Koko aliposikia, miaka ya nyuma, kwamba mkwewe kazi yake ni kujenga nyumba leo na kuzibomoa kesho, alitikisa kichwa. "Hiyo kazi ya wanawake," alisema. Halafu, kwa adabu, akaongeza, "Lakini ni kazi." Kwa hiyo pale uani hapakuwa na mjadala. Fundi alikuwa amefika.

Alitembea ua mzima akikanyaga kwa kisigino, akapata mahali pagumu palipoinuka, karibu na ua wa Mama Paulo, jirani yetu Mwiraqw. Pegi zilikataa kuingia. Tukafunga kamba kwenye mawe. Ile nguzo ya ziada ikapata kazi yake, hema likanyooka. Mlango aliugeuza kabisa, ukaipa barabara kisogo. Nilidhani tumemaliza, ndipo nikamwona amesimama penye ua akimwita Mama Paulo, akimwomba karai la mavi ya ng'ombe mabichi.

"Mama!" mama yangu alipiga kelele. "Hema halikandikwi!"

"Nyumba isiyokandikwa ni nguo," Koko alijibu, akakunja shuka.

Tulikandika. Tulipaka pande zote kuanzia chini mpaka usawa wa goti langu, tukachanganya na majivu ili yashike, na Mama Paulo alikuja kuangalia akabaki kutoa ushauri. Mikono yangu ilikuwa ya kijani mpaka viwikoni. Koko alinionyesha jinsi ya kuburuta kiganja ili pasibaki ufa, akanishika mkono na kuubonyeza pale nilipokuwa nakwepa. Jioni hema letu lilikuwa nusu la mzungu na nusu la boma, na sijawahi kuona nyumba nzuri kama ile.

Hatukuwa hata tumenawa vizuri niliposikia kikohozi kule nje ya ua.

Kilikuwa kikohozi cha baba. Alitakiwa arudi kesho yake, lakini wageni walishindwa na baridi ya juu wakaomba kushushwa hotelini. Mama akashika kichwa. Koko, ambaye siku nzima alikuwa anatembea kwa kujishika kiuno, aliruka kama binti akaingia ndani ya hema. Nilimsikia akihangaika na zipu iliyokufa, kisha akauvuta mlango na kuubana kwa pini yake ya shuka.

Baba hakuja moja kwa moja. Alikohoa tena, akasubiri, akaingia akiwa amegeuzia uso kwenye mahindi ya Mama Paulo. Akasimama mbali. Hata hivyo hema aliliona, kwa sababu lisingeweza kukosa kuonekana. Niliona macho yake yakishuka kwenye ile mikando na kubaki pale. Nilijua mambo mawili yatatokea. Atagomba kwa ajili ya hema lake, na Koko atasikia, atatoka, ataenda kwa muuza ugoro, na hadithi yangu itaondoka naye. Nilianza kulia kabla sijaambiwa kitu.

"Nasieku," baba aliniita kwa sauti ya chini. "Mwambie Koko, takwenya."

Ni salamu wanayopewa wanawake, na lilikuwa neno pekee la Kimaasai alilolijua sawasawa. Nikainamia upenyo uliobaki mlangoni, nikamwona Koko, nikalifikisha. Sauti ikatoka ndani, ikiitikia.

"Iko."

"Muulize," baba alisema, bado akiyatazama mahindi, "mlango nani kauelekeza huko?"

Koko alijibu kwa Kiswahili chake cha mnadani kabla sijafungua mdomo. "Ambia yeye, ni mimi. Upepo ya kreta inatoka kule."

"Mwambie sisi kazini tunaelekeza mlango kwenye mandhari. Wageni wanataka kuona."

"Ambia yeye, hiyo wageni yake hakuna kusikia baridi?"

Baba alishindwa kujizuia. Alicheka, akasahau kwamba mimi ndiye mjumbe. "Wanasikia sana, mama! Wanalala na makoti. Leo wamenikimbia kabisa!"

Na Koko naye akacheka ndani ya hema. Kilikuwa kicheko kirefu, kinapanda na kushuka, mpaka turubai likatikisika na kipande cha mkando kikadondoka. Mama aliziba mdomo kwa kanga. Baba alisimama pale, mgongo umeelekea hema, akitabasamu peke yake kuelekea shambani kwa watu. Kisha akaaga, akazunguka nyumba kwa nyuma, akaenda kulala kwa rafiki yake.

Giza lilipoingia na ng'ombe wa Mama Paulo walipokwisha kufungiwa, Koko aliniambia niingie. Alilala upande wa mlango, akanifunika shuka lake lenye harufu ya moshi na samli. Nikamsikia sungura. Nikamsikia fisi, na ni kweli, alichekesha mpaka nikaumwa mbavu. Mvua ilipita katikati ya hadithi, ikapiga turubai kwa vishindo, nami nikasubiri Koko ashike masikio yake. Hakuyashika. Alipandisha sauti tu, fisi akaendelea. Asubuhi tulikuta pale penye udongo laini maji yamesimama, bata wa jirani wanaoga.

Alikuja tena baada ya hapo, mara nyingi, na kila mara hema lilisimama palepale na kukandikwa upya. Na kila mara baba, akiwapo, alikohoa nje ya ua, akaja kusimama na kuyatazama mahindi, wakazungumza habari za mvua, za magonjwa ya mifugo, za wageni wanaoogopa vyura. Mimi niliachishwa kazi ya ujumbe bila taarifa. Baadaye macho ya Koko yalizima, safari zikakoma, na hema likaoza. Nikaenda sekondari ya bweni. Mambo yakawa mengi, kama yanavyokuwa.

Nilikuwa nimeolewa tayari nilipoelewa kuhusu bati. Mama alikuja kunisalimia Dodoma, akakataa katakata kulala kwangu kwa sababu ya mume wangu, akaenda kwa jirani. Nikamkumbusha masikio ya Koko. Mama alinishangaa. "Mkwe halali nyumba moja na mkwe," alisema. "Hamtazamani usoni, hamli pamoja. Kwetu ni hivyo na kwa kina baba yako Iramba ni hivyo. Ni heshima. Ungemwambiaje mtoto mdogo? Ungedhani wanachukiana." Nikamuuliza kuhusu hema. Akacheka. Mwaka ule, alisema, mahindi yetu yalikauka yote shambani tangu yakiwa magotini, na baba alijua hivyo siku aliyolileta. Yeye aliyemwomba bosi wake hema bovu hakuwa na hindi hata moja la kufunika. Alisubiri tu mwanamke wa nyumba hiyo alitoe stoo, kwa sababu mkwe wa kiume hawezi kumwambia mama mkwe, njoo ulale.

Koko alifariki muda si mrefu baada ya hapo. Tulimzika Endulen, ukungu ukiwa umekaa chini. Tuliporudi Karatu tulikaa kando ya jiko la nje, na kigoda chake kilikuwa palepale. Baba hakukikalia. Alichukua ndoo akaigeuza, akaketi juu yake, akawa anachokoachokoa moto ambao haukuhitaji kuchokolewa.

"Nasieku," aliniita. "Wewe ulikuwa unamwona."

"Nani, baba?"

"Koko wako. Mimi sikuwahi kumtazama." Akasukuma kijinga cha moto. "Siku ile ya mavi ya ng'ombe, alipocheka mle ndani. Akicheka alikuwaje?"

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba alifumba macho yote mawili, hata lile zima, na kwamba pengo lake la chini lilionekana lote, na kwamba alikuwa akikumbuka kujifunika mdomo kwa shuka wakati kicheko kimeshakwisha. Baba alisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye moto. Kisha akaniomba nimweleze tena.