Mkebe wa Kioko Uliobaki Machakos

Niliondoka Machakos kwenda Ndithini kwa sababu Kioko alihitaji picha moja ya anga. Ninalisema hilo mwanzoni kabisa, maana huko mbele nitaonekana kama mtu aliyesafiri kwa ajili ya heshima yake mwenyewe, na hilo nalo ni kweli.

Kioko ni fundi wa maabara katika shule ya wasichana ninakofundisha fizikia. Ana cheti kimoja tu, na mkataba wake huandikwa upya kila muhula kwa kusitasita. Mwaka jana ulipokuwa unaisha, chuo fulani kilitangaza nafasi ya fundi katika kituo chake kipya cha kutazama nyota. Hawakudai shahada. Walitaka picha moja ya kitu cha mbali angani, iliyokusanywa kwa muda usiopungua saa tatu, maelezo ya vifaa na programu zilizoiongoza darubini, na sahihi ya mwalimu msimamizi. Msimamizi nilikuwa mimi. Kioko alijua kwamba nafasi ya namna hiyo, isiyouliza vyeti, hatakutana nayo tena.

Kwa asiyeijua kazi hii, nieleze kidogo. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota hazitulii. Ukitaka kuiacha kamera wazi kwa dakika kadhaa, lazima uwe na mtambo unaoisukuma darubini polepole ili izifuate, na kompyuta inayousimamia mtambo huo, kuirekebisha darubini ikiteleza na kuiamuru kamera ipige lini. Watu huulizana habari za lenzi. Lenzi ni jambo la pili. Ukikosea kuchagua kinachoongoza, umekesha bure.

Sisi tulikuwa na mitambo miwili. Wa kwanza aliuunda Kioko mwenyewe kwa miezi minane. Kompyuta ndogo inayotosha kiganjani aliitia ndani ya mkebe wa biskuti, mota alizing'oa kwenye printa zilizokufa, na kitako chake kilikuwa kabari ya chuma aliyochomelewa na mafundi wa jua kali nyuma ya soko. Programu yake ilikuwa ya bure, yenye maandishi meupe kwenye kioo cheusi, na kila namba uliiandika kwa mkono. Ulikuwa na sura mbaya, nami sikuacha kumtania. Siku moja nilimuuliza mbele ya wanafunzi kama ule ni mtambo wa darubini ama jiko la mkaa.

Wa pili niliuchagua mimi. Chama cha wasichana waliosoma shuleni kwetu kilitaka kutununulia zawadi, na mwalimu mkuu akaniachia uamuzi. Nilikaa wiki sita nikitazama video za watu wa nchi za baridi wakisifu mitambo yao nyuma ya nyumba zao. Nikachagua mtambo mweupe unaong'aa, na kisanduku chekundu kinachoongozwa kwa simu: unagusa duara la kijani, kila kitu kinajiendesha. Ulipofika niliujaribu mezani maabara, mchana, katika hali ya maonyesho. Duara likawaka kijani, wanafunzi wakapiga makofi. Sikugundua kwamba katika hali hiyo programu ilijiwekea mji wa huko Ulaya kuwa ndiko tuliko.

"Mwalimu, hii yako ikikwama, unaiingilia wapi?" Kioko aliniuliza siku ile.

"Haikwami," nikamjibu.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulipakia gari langu dogo uani mwa shule. Ilikuwa mwisho wa Februari, mwezi haukuwepo angani, na maombi yalifungwa Jumapili saa sita usiku. Wiki zilizotangulia nilikuwa nimefungwa na mitihani, kwa hiyo tulibakiwa na usiku mmoja. Kioko alitoka maabara amekumbatia mkebe wake na ile kabari. Nafasi ilikuwepo kwenye kiti cha nyuma. Nilimwambia arudishe.

"Tuibebe tu, mwalimu. Haili chakula."

"Ukiwa nayo utakuwa unaikimbilia kila dakika. Twende na kitu kimoja tukifanye vizuri."

Sababu halisi ilikuwa nyingine. Chuo kilitaka pia picha ya vifaa vyenyewe, na sikutaka jina langu lionekane chini ya mkebe wa biskuti. Kioko aliurudisha, akafunga mlango wa maabara, akaingia garini.

Tulipitia Kangundo, tukaingia barabara ya Garissa, na Matuu tukasimama kununua sukari, majani ya chai na mikate miwili, maana tulikuwa tunaenda kwa watu. Baada ya hapo tuliacha lami. Vumbi lilikuwa jingi, mashamba yamekauka, mbuzi wamejibanza kwenye kila kivuli. Kioko alishika kisanduku chekundu mapajani njia nzima kisigongwe, kwa uangalifu ambao mimi sikuuonyesha kwa mkebe wake.

Saa tano na nusu tulifika kwa Mama Ndunge, dada mdogo wa mama yake Kioko, ambaye amelima kwenye kilima kile tangu aolewe. Alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso.

"Uvoo waku, mwalimu?" alinijulia hali kwa Kikamba.

"Nesa, mama."

"Karibuni. Hii jua imewachoma sana. Kioko, wewe mbona umekonda hivi? Shule haiwapi chakula?"

Alitupa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage, pamoja na maziwa, akatuketisha, kisha akatueleza alichokifanya. Juma lile, kwenye sala ya jumuia yao ya Kikatoliki, alikuwa amesimama akawaomba majirani wote wa kilima wazime taa zao za sola Jumamosi kuanzia saa mbili usiku. Wengine walinung'unika kwa sababu ya fisi na wezi wa kuku. Mwishowe walikubali, na sala ya Jumamosi wakaisogeza iishe mapema.

"Nimewaambia mtoto wa dadangu anatafuta kazi na giza," alisema, akacheka. Kisha akachungulia gari letu. "Na ile ya mkebe iko wapi?"

"Tumeiacha shule, mama," nikamjibu. "Tumekuja na ya kisasa."

"Asi! Na si alikuja nayo Disemba akatuonyesha? Tulikaa hapo nje mpaka usiku sana. Ilikuwa inafuata nyota hata haitingishiki."

Nilimtazama Kioko. Yeye alikuwa anatazama bakuli lake. Alikuwa ameujaribu mtambo wake pale pale tulipokuwa tumeketi, naye hakuniambia kwa kuwa sikuwahi kumuuliza. Niliona haya, na haya ile ikageuka hasira, nami nikaielekeza kwake.

Saa nane mchana tulianza kuusimamisha mtambo wangu nyuma ya zizi, palipo wazi upande wa kusini. Mhimili wa mtambo wa namna hii lazima uelekee ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Kwa watu wa zile video, ncha hiyo iko juu angani na ina nyota ya kuionyesha. Kwetu, karibu hivi na ikweta, imelala chini kabisa kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima na miiba. Mhimili unatakiwa ulale karibu sawa na ardhi. Kioko alizungusha skrubu ya kuulaza, akazungusha tena, kisha akaacha.

"Mwalimu, hii imefika mwisho. Haiwezi lala zaidi ya hapa."

Ilikuwa imebakiza nyuzi kama ishirini. Mafundi walioutengeneza hawakufikiria kwamba kuna mtu anayeishi tunakoishi. Nami ninayeishi huku, ninayefundisha watoto habari za ikweta kila mwaka, sikufikiria pia. Hilo linaniuma hadi leo kuliko skrubu yenyewe.

Kioko alijaribu kuinua mguu mmoja kwa mawe. Chuma kizito cha kusawazisha darubini kikagonga mguu huo, na mtambo wote ukataka kulala chali. Akausimamisha upya, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Nipe funguo, mwalimu. Nikitoka saa hii, saa tatu usiku niko hapa na ile yangu. Bado tutapata masaa ya kutosha."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Giza lote lilikuwa bado liko mbele yetu, gari lilikuwa na mafuta, na funguo zilikuwa mkononi mwangu. Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwamba kisanduku chekundu kina akili ya kurekebisha kosa, kwamba nimeona kwenye video, kwamba asiwe mtu wa kukata tamaa mapema. Nilitumia ile sauti ninayowatolea wasichana wa kidato cha kwanza. Kioko ana miaka thelathini na minne.

"Sawa, mwalimu," alisema.

Saa mbili usiku kilima kilizimika. Nimeishi mjini miaka mingi, na sikuwa nimeona giza kama lile tangu utotoni. Taa ziliondoka nyumba moja baada ya nyingine, hadi ng'ambo ya korongo, na nyota zikajaa mpaka kwenye vichwa vya miti. Lile wingu jekundu la gesi, kitu cha mbali ambacho Kioko alikuwa amekichagua kwa picha yake, lilikuwa linapanda kusini. Niligusa duara la kijani kwenye simu. Programu ikanitaka niielekeze darubini kwenye nyota ya kaskazini. Nyota hiyo, kwetu, iko chini ya ardhi. Nikabonyeza kuendelea, ikakataa. Nikatafuta mahali pa kuandika namba zangu mwenyewe, hapakuwepo. Mara ya sita ilikubali kuruka hatua hiyo na kuanza kupiga, na picha ya kwanza ikatokea: kila nyota imekuwa mstari, kama punje za mchele zilizomwagwa. Ya pili vivyo hivyo. Mtambo ulikuwa unavuta kwenda kusiko, na kisanduku kikajitahidi kuurekebisha hadi kikachoka na kujizima.

Saa nne na nusu mtu alipaza sauti kutoka ng'ambo gizani. "Mama Ndunge! Mmemaliza?"

"Bado kidogo!" Mama Ndunge akamjibu.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu nasi, amejifunika blanketi. Saa sita yule mtu aliita tena, na safari hii ni mimi niliyesema wanaweza kuwasha. Kilima kizima kilikuwa kimekaa gizani kwa muda wa saa nne kwa ajili ya kisanduku ambacho hakikupiga hata picha moja ya kufaa. Taa zilipoanza kurudi, Kioko alikuwa tayari anakunja nyaya, kila moja kwa utaratibu wake. Nilitamani anitukane.

Jumapili asubuhi Mama Ndunge alitupakia ndengu na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Saa nane mchana tulikuwa Machakos, na Kioko hakwenda kwake. Alifungua maabara, akapandisha mkebe na kabari juu ya paa la bweni jipya, na hadi jua linazama alikuwa ameshausawazisha. Nilipanda kumtazama. Mtambo ulifuata nyota bila kutikisika, sawa na Mama Ndunge alivyosema. Lakini tulikuwa mjini, wingu lake la gesi liko chini angani, juu tu ya taa za soko, na saa nne kasoro mawingu ya kweli yakafunika. Alipata dakika arobaini. Akazituma saa tano usiku pamoja na maelezo na michoro yake yote, nami nikatia sahihi.

Baada ya wiki mbili jibu lilikuja, likielekezwa kwetu sote wawili. Walisema mtambo wa mkebe umewapendeza kupita yote waliyoletewa, kwa kuwa umeundwa kwa ajili ya anga letu. Lakini saa zilipungua. Waliuliza jambo moja: kwa nini haukupelekwa mahali penye giza? Ikiwa sababu haikumhusu mwombaji, msimamizi aieleze, nao wangempa wiki moja zaidi.

"Hiyo swali ni yako, mwalimu," Kioko alisema. Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu turudi. "Andika tu vile ilikuwa."

Nilikaa na swali hilo jioni nzima. Mwalimu mkuu angepata nakala. Angejua kwamba zawadi ya wasichana wetu wa zamani haiwezi kufanya kazi nchini mwetu, na kwamba mimi ndiye niliyeichagua. Nikaandika kwamba Jumamosi ile mkebe haukuwa tayari.

Nafasi alipewa mwingine. Watu huniuliza safari ilinifundisha nini, nami huwaambia habari za ikweta na skrubu, kwa kuwa hizo ni rahisi kuzisimulia. Nilichojifunza hasa ni kwamba mimi ni mwoga, na kwamba woga wangu una adabu nzuri na mwandiko mzuri.

Kioko naye alipata nakala ya jibu langu. Alikuja maabara asubuhi, akaniwekea funguo za maabara mezani, mkataba wake wa muhula mpya ukiwa chini yake bila sahihi yake.

"Mwalimu," alisema, "hata hiyo barua ungeniuliza kwanza."