Foleni Niliyoitupa Mtaroni

Hadi leo najikasirikia. Miaka ya tisini nilirudi Mpanda baada ya kusoma Bulgaria miaka saba, na kila kitu kilinikera. Asubuhi moja nikaenda stesheni kukata tiketi ya Tabora. Dirishani hapakuwa na mtu, ila mawe, makopo na kandambili moja chakavu vimepangwa chini. Hasira zikanipanda. Uchafu gani huu! Nikavizoa vyote nikavitupa mtaroni, kisha nikasimama wa kwanza, kifua mbele, zuzu mimi.

Karani alipofungua, watu wakatoka kivulini mbio.

“Nani kaitupa foleni yetu?”

Nyuma yao alikuja mama yangu, mguu mmoja peku.

“Kandambili yangu iko wapi, baba? Ilikuwa ya kwanza. Nilikuwekea wewe nafasi tangu alfajiri.”